Bastola Niliyoijua kwa Masikio

Bastola ile ililetwa nyumbani kwetu mtaa wa Kuze asubuhi moja ya Jumatatu, imefungwa ndani ya taulo jeupe kama mtoto aliyetoka kuoshwa. Mzungu mwenyewe ndiye aliyeileta. Alikuwa na masharubu marefu, marefu hata yalitangulia yakaingia dukani, yakakaa kitini, yakanywa kahawa, ndipo mwenyewe akafuata. Hivyo ndivyo alivyonihadithia mume wangu. Mimi sikumwona. Nilikuwa nyuma ya pazia, na wanaume wageni mimi niliwajua kwa vikohozi vyao.

Mume wangu alikuwa fundi wa vitu vidogo. Makufuli, saa, cherehani, mabuli ya shaba yaliyotoboka, bunduki za babu za watu, vyote vilipita mikononi mwake. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa duka, cha nyuma changu mimi, na katikati pazia. Miaka kumi na mmoja nilikaa nyuma ya pazia lile nasuka ukili wa mikeka. Nimesuka ukili ungeutandika hapa mpaka Makupa ukabaki wa kurudia.

Sasa mume wangu alikuwa na tabia moja. Alisema na vyuma. Kwa sauti, tena kwa adabu, kama mtu anayebembeleza mgeni mzito. "Ndoo kwangu, parafujo, toka polepole, usinivunjie heshima." "We kamani, nakuona umejikunja, wataka kunirukia jichoni, nakujua." Kamani ni kile chuma chembamba kinachojikunja na kujikunjua, ndicho kinachoupa nguvu mtambo wa saa au wa bunduki, na kikikuponyoka kwenda kukitafuta ni siku nzima. Yeye akisema, mimi nasikia. Kufika mwaka wa tano, bisibisi ikiteleza mbele huko, mimi nyuma huku najua imeteleza kwenye kufuli la nani na mwenyewe atasema nini akija.

Na siku ile ya bastola nilisikia yote. Kwanza akaifungua, akakizungusha kile kigurudumu cha kutilia risasi, akahesabu matundu. "Tupu. Tupu. Tupu." Mara sita. Halafu akarudia tena mara sita, maana alikuwa hamwamini Mzungu wala nafsi yake. Akakivuta kinyundo cha nyuma, tik-tik, akakirudisha, ndipo akaanza kuvua. Akavua mpini wa pembe. Akavuta msumari wa katikati, kigurudumu kikatoka. Akafika ubavuni, kwenye kile kifuniko cha chuma kilichouficha mtambo, akasema: "Huyu habanduliwi. Huyu hupigiwa hodi." Nikasikia ta, ta, ta, ta, mpini wa mti wa bisibisi unagonga upande wa pili, polepole, mpaka kifuniko kikajitokea chenyewe. Mtu mwingine angekichokonoa kwa ncha, akaacha alama ya milele. Kisha kamani kubwa. Kisha kinyundo. Kisha kile cha kuvutwa kwa kidole. "Na mwisho wewe, kamani mdogo," akasema, "ndiwe mwenye nyumba."

Akavipanga juu ya siniya, kulia kwenda kushoto, kama anavyopanga siku zote. Adhana ya adhuhuri ikalia. Akasema, "Natawadha narudi."

Tukamkuta ameketi kwenye birika, lile hodhi la kutawadhia. Mguu mmoja ameshauosha, wa pili bado.

Hapo watu hutaka nisimulie vile nilivyolia. Mimi ni mtu wa maneno mengi, wajukuu zangu husema nikianza hadithi ya kununua chumvi huishia Bara Hindi, lakini hapo sina la kutia chumvi. Sikulia. Ganzi ilinishika, ile ganzi ya mguu ukiukalia, ila hii ilinishika mzima mzima. Nyumba ilijaa wanawake, chumba cha watu kumi na wawili kiliingia mia saba, hata panya walihama kwa kukosa pa kukaa. Wote wanalia. Mimi katikati yao macho makavu. Nikajifinya paja chini ya leso niliyojifunga. Nikaona kama nimemfinya jirani.

"Moyo umekufa huyu," nikasikia mmoja anamnong'oneza mwenzake, "hata tozi la jicho."

"Wacha," akasema mwenzake. "Wengine hulia ndani."

Ndani nako nilitazama. Hakukuwa na mtu.

Nikaingia edani. Mjane kwetu hukaa miezi minne na siku kumi, hatoki, haonwi na mwanamume wa kumwoa, havai la kung'ara, hajitii manukato wala hajitazami kiooni. Nikavishwa kaniki nyeusi. Jirani yetu wa mlango wa pili ndiye aliyenivua mapambo. Mwanamke yule alikuwa akiingia nyumbani kwako kuku hujipanga mstari wenyewe. Siku ile alifagia duka, akakunja, akapanga, akaondoa kila kitu sakafuni ili mikeka itandikwe. Mapambo yangu akayafunga kitambaani, akampa mavyaa, mamake mume wangu, na mavyaa akayafungia kashani mpaka eda iishe.

Siku ya nane akaja tarishi wa yule Mzungu. Mimi na mavyaa tulikuwa ndani. Dukani alikuwamo shemeji, ndugu mdogo wa mume wangu. Yeye kazi yake ilikuwa kuuza kahawa Makadara, kutwa buli mkononi na vikombe vinalia kech kech. Alikuwa amekuja kutujulia hali, na mtoto wa kiume wa nyumba ile alikuwa amebaki yeye peke yake.

"Hodi."

"Karibu, ndugu yangu. Kaa kitako."

"Sikai. Bwana ataka bastola yake."

"Fundi mwenyewe amekufa. Leo siku ya nane."

"Poleni sana. Mungu amrehemu." Akainamisha kichwa kiasi cha heshima, kama kupepesa jicho. "Na bastola nayo imekufa?"

"Iko. Ila... imelala."

"Basi iamsheni. Kesho alasiri bwana aitaka mkononi. Kesho kutwa apanda gari la moshi kwenda bara. Asema aliileta nzima na yarudi nzima, asione hata mkwaruzo wa ukucha, maana ni ya marehemu babake. Ikikosekana, au ikirudi na kilema, asema ni wizi, na wewe ndiwe mwenye duka sasa. Wizi wa silaha, ndugu yangu, si wizi wa kuku. Utalala Ngomeni."

Siku zile Ngome ilikuwa ndiyo jela. Ukiingia, watu wako walikutazamia ukuta.

Tarishi akenda zake. Mavyaa aliyasikia yote. Hakupiga kelele, na mavyaa wangu alikuwa mtu wa kupiga kelele, akimwita mbuzi Kuze, Makadara wanaitika. Alisema polepole tu: "Mmoja nimemzika. Huyu wa pili wamtia jela?" Kisha akasema, "Na yule aliye kaburini yuaulizwa amana ya watu iko wapi, naye hawezi kujibu."

Shemeji akafikiria fundi wa bunduki wa Makadara. Akenda, akarudi mbio. Fundi yule yuko Unguja harusini, hata mbwa wa duka lake hayuko.

"Basi nitaifunga mwenyewe," akasema shemeji nje ya pazia.

"We?" akasema mavyaa.

"Mimi. Ni chuma tu, mama. Buli si chuma?"

Akatafuta vile vyuma, akavikuta ndani ya bakuli la kukunia nazi, alikovitia yule jirani, vyote pamoja, mpangilio umekufa. Akaketi. Nikasikia kiti, nikasikia anavuta pumzi, kisha bisibisi ikaita kwarr. Meno yakaniuma.

"Shemeji!" nikasema.

"Labeka."

"Umeshika bisibisi nyembamba."

"Umejuaje?"

"Yacheza mdomoni mwa parafujo. Bisibisi yataka ijae mdomo wa parafujo, ukingo kwa ukingo, isicheze. Ikicheza yala kichwa, na Mzungu ataona. Shika nyingine."

Akashika nyingine. Kwarr.

"Hiyo nayo nene."

"Shemeji, waniona?"

"Nakusikia. Iweke tini hiyo, kabla hujatukwaruzia jela."

Akasukuma kitu. Nikasikia kifuniko kinalazimishwa, chuma kinalalamika juu ya chuma. Ndipo nikasema neno ambalo sikujua kama nitalisema: "Lete ndani. Nitaifunga mimi."

Shemeji akacheka. "Shemeji, wewe hujapata kuiona bastola tangu kuzaliwa."

"Kweli. Lakini nimeisikia ikifunguliwa."

Alicheka tena, kwa sauti ndogo zaidi. Kisha nadhani akaukumbuka ukuta wa Ngome, maana nikaona ungo unapenya chini ya pazia, na juu yake kiwiliwili cha bastola, bakuli, bisibisi zote za marehemu na kichupa cha mafuta.

Nikaanza kwa kuvishika. Vilikuwa baridi. Nikavikumbuka kwa maneno yake, nikaanza kusema nyuma mbele, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayelazimishwa kusoma sura kutoka mwisho. Cha mwisho kutoka ndicho cha kwanza kurudi. Na cha mwisho kutoka alikuwa nani? Kamani mdogo, mwenye nyumba.

Hakuwamo.

Nikamwaga bakuli juu ya leso. Kinyundo, kigurudumu, parafujo, kifuniko, kamani kubwa. Ndogo hakuna. Bila yeye, ukivuta kwa kidole, kile chuma hakirudi, kinalala kama ulimi wa mlevi, na Mzungu hahitaji miwani kulijua hilo.

Tukatafuta. Mavyaa alikung'uta mikeka, akachekecha mchanga wa uani kwa chekecheo la unga, mimi nikakagua nyufa za sakafu moja moja. Shemeji akatafuta dukani, nje, kwenye mtaro. Akafikia kumkamata jogoo wa jirani akamtia kidole kooni, jogoo akasema maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Jua likachwa hatujaona kitu. Shemeji akaaga kama mtu anayekwenda Haji. Mavyaa hakula. Mimi nilikula. Nilikula sahani nzima na sikujua nimekula nini. Mavyaa akanitazama, akaiondoa sahani.

Asubuhi nikasema, "Mwite yule jirani."

Akaja, na kabla hajaketi alikuwa ameshaisawazisha mikeka.

"Shoga," nikamwambia, "siku ile ya msiba ulifagia duka."

"Nilifagia! Kwani lilikuwa duka? Lilikuwa jaa. Maskini fundi, Mungu amrehemu, lakini vyuma vile! Nikavikusanya vyote, nikavitia bakulini."

"Vyote?"

"Vyote. Chenu cha dukani nikakitia bakulini, chako nikakitia kitambaani na vipini vyako. Mimi mtu wa amana, shoga, kitu cha mtu sikipotezi."

"Changu gani?"

"Si kile kipuli chako kilichovunjika? Kimepinda hivi, kimebaki miguu miwili. Kilikuwa siniyani pembeni. Nikasema maskini, alikuwa yuamtengezea mkewe kipuli, na siku hazikumngoja." Akapangusa macho. "Nikakitia na mapambo yako."

Mimi sikupata kuvunja kipuli maishani mwangu. Nikamtazama mavyaa. Mavyaa akalitazama kasha.

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, na mtu wa leo hawezi kupaona. Mapambo ya mjane yakishafungwa, yamefungwa. Hayafunguliwi katikati ya eda. Kuyatoa siku ya tisa ni kusema mwanamke huyu ana haraka ya mume mwingine. Mavyaa aliyafunga mwenyewe, kwa mkono wake, kwa ajili ya mwanawe. Na Kuze hakuna siri, mtu akipiga chafya ndani ya chandarua watu wanne mtaani wanamwombea afya. Na mmoja wa hao wanne alikuwa ameketi pale pale, ananyoosha pindo la mkeka.

"Hayafunguliwi," akasema mavyaa.

"Kweli mama," nikasema.

Sikumshindania. Sikuwa na nguvu ya kutaka kitu. Nilikuwa nikimwona mavyaa kama mtu ninayemtazama kutoka upande wa pili wa bahari, na maneno yananifikia yamechoka.

Akakaa. Akasimama. Nje shemeji alikuwa amekuja, hakuuza kahawa siku ile, na tulisikia vikombe vyake vinalia kech, kech, akienda na kurudi mlangoni. Mavyaa akakisikiliza kile kilio cha vikombe. Kisha akamwambia yule jirani, "We, nenda kanunue chumvi."

"Chumvi iko, nimeiona."

"Kanunue nyingine."

Jirani akatoka. Mavyaa akalifungua kasha, akatoa kile kifundo, akageuza uso wake ukutani. Akaingiza vidole kitambaani bila kutazama, kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku mkali. Akatoa bangili, akaipapasa, akairudisha. Akatoa kipini. Akakirudisha. Akatoa kipuli kizima, cha ile jozi niliyovaa siku niliyoingia nyumba ile, na hapo mkono wake ukakaa kidogo. Mimi nilikuwa nikikitazama. Nikangoja kinichome. Hakikunichoma. Kilikuwa kipuli kizuri, cha mwanamke fulani. Akakirudisha, akatoa kingine.

"Hiki?" akasema, na mkono wake umenyooka nyuma, uso bado ukutani.

Kilikuwa kichuma kilichopinda, miguu miwili, kidogo kama unyoya wa nyusi.

"Hicho, mama."

Akafunga kifundo upesi, akakipiga fundo mara tano, akafunga kasha.

Nikavuta ungo. Nimekunja mguu, nimeshika ile bastola, na ubavu wake ulikuwa umesuguliwa unang'ara kama maji, mavyaa akapiga ukelele, na sasa ukelele ulikuwa ule wake wenyewe: "Usijitazame humo! Kioo hicho!"

"Mama, nafanya kazi."

"Mjane hajitazami! Ngoja nikupakie majivu kisione."

"Majivu yatakwaruza, mama! Majivu ndiyo yanayosugulia masufuria. Ukiyapaka hapo shemeji yuko Ngomeni kabla ya chai."

"Basi fumba mato."

Nikafumba. Na wallahi afadhali nilifumba, maana macho yangu yalikuwa hayaijui bastola ile hata kidogo. Macho yaliona vyuma. Nilipofumba nikasikia: "Na mwisho wewe, kamani mdogo, ndiwe mwenye nyumba." Nikampapasia mahali pake, akakataa. Sikumlazimisha. Nikamgeuza, akakataa. Nikamgeuza tena miguu chini, akaingia mwenyewe, tulii.

"Mafuta," nikasema.

Mavyaa akafungua kichupa, akanusa. "Haya yana karafuu."

"Ndiyo mafuta yake. Alikuwa akiyatia karafuu."

"Manukato haya. Huyagusi."

"Basi paka wewe mama, wewe hukai eda."

Akachovya unyoya wa kuku. Nikawa nasema, "Hapo, tone moja, si kuogesha," naye anapaka, pua yake karibu na vidole vyangu, anahema. Chumba kikanuka kama duka letu. Nikasikia mavyaa analia kimyakimya, unyoya ukapotea njia. Mimi nikasema, "Umepita, mama, rudi kidogo." Ndivyo nilivyokuwa. Sisemi najisifu.

Nikatia cha kuvutwa kwa kidole. Nikatia kinyundo. Kamani kubwa ilitaka ikunjwe kwa subira, mume wangu alikuwa akiikunja huku anaisimulia habari za mtaani mpaka inachoka. Mimi nikaisimulia habari ya jogoo wa jirani. Ikakunjika. Mavyaa, machozi usoni, akacheka kwa pua, na mimi nikajisikia nacheka pia, ila kicheko kilitoka kama cha mtu wa chumba cha pili. Nikaweka kifuniko, nikakipapasa ukingo wote, kimeketi sawa, nikakikaza kwa parafujo. Nikavuta kile kinyundo nyuma.

Kikasema tik.

Mkono wangu ukasimama. Siku ile Jumatatu, kabla hajakivua, alikivuta, nacho kilisema tik-tik. Mara mbili. Nilikisikia kwa pazia, nilikuwa naanza mshono mpya.

"Sivyo," nikasema.

"Nini sivyo? Imefungika!"

"Sauti sivyo."

"Mwanangu, adhuhuri imepita."

Nikaifungua tena. Parafujo nje, nikageuza ubavu juu, nikashika bisibisi kwa ncha, mti wake nikaugongesha upande wa pili: ta, ta, ta. Hodi, hodi, hodi. Kifuniko hakitaki. Nje vikombe kech kech. Mavyaa anasema, "Kichokonoe, mwanangu, kwa kisu, muda hakuna," na kisu kilikuwapo, cha mboga, naye amenishikisha mkononi. Nilikiweka chini. Nikaendelea kugonga. Niligonga, na hapa mnisamehe nikisema nilifika mara elfu, nilifika mara elfu. Kikatoka chenyewe, bila alama, kama mgeni aliyekwisha maliza kahawa yake. Kumbe kinyundo kilikuwa hakijaupanda mguu wa kamani kubwa, kimekaa kando yake tu. Nikakipandisha. Nikafunga. Nikavuta.

Tik-tik.

"Hiyo," nikasema.

Nikatia kigurudumu na msumari wake, nikakizungusha, matundu sita: tupu, tupu, tupu, tupu, tupu, tupu. Nikarudia. Nikafunga mpini wa pembe. Nikaifungia katika taulo lake na kuipitisha chini ya pazia, nikasikia mikono ya shemeji inaichukua.

"Shemeji," akasema.

"Nenda."

Alikwenda wakati adhana ya alasiri inalia. Tukakaa. Jirani ndipo akarudi na chumvi baada ya kushinda sokoni, amenunua ya kutosha kumkausha papa, akakaa na sisi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupanga kitu. Mavyaa alikuwa anavuta tasbihi. Mimi nilikuwa nimeketi na mikono mapajani.

Shemeji akarudi kabla ya magharibi. Tulimjua kwa vikombe: alikuwa akiviliza kwa mdundo, mtaa mzima.

"Yuko nje!" mavyaa akasema. "Hakufungwa!"

Akaingia dukani, akajimiminia kahawa yake mwenyewe, akainywa kwa kelele kama farasi, ndipo akaanza. "Mama, yule bwana aliishika. Akaichungulia mtutu. Akatoa kioo cha kukuzia, akakitia jichoni, akatazama parafujo moja moja, moja moja! Nilizeeka pale. Mvi ziliniota, zikaanguka, zikaota nyingine. Akavuta. Akaisikiliza. Akavuta tena. Akamwambia tarishi neno, tarishi akaniambia, bwana asema imekuwa laini kuliko siku aliyoileta. Ataka kumwona fundi."

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nikamwambia fundi amekufa. Akauliza, lini. Nikamwambia, Jumatatu uliyoileta. Akaitazama bastola, akanitazama mimi. Akaifungia sandukuni, akaniashiria mlango. Basi."

"Alhamdulillahi," akasema mavyaa. "Alhamdulillahi. Amana ya mwanangu imefika."

Watu walianza kujaa dukani kusikia habari, na nikamsikia shemeji anawahadithia, na kila mtu mpya anayeingia bastola inazidi kuwa kubwa, na aliyeifunga anazidi kuwa yeye. Kufika mgeni wa sita alikuwa ameifunga kwa mkono mmoja, wa pili ameshika buli. Mavyaa akataka kumkemea. Nikamshika leso. Mtu aliyenusurika na Ngome mwachie uongo wa siku moja. Tena alikuwa anaupika vizuri, mimi mwenyewe nilitaka kusikia itakwishaje.

Mavyaa akanigeukia. "Waona kama mzigo umekutoka?"

"Umenitoka, mama."

Haukuwa umenitoka wala haukuwapo. Niliitafuta furaha kama tulivyomtafuta kamani, nyufa moja moja. Ile kazi aliyoiacha mume wangu wazi kwenye siniya, ya mwisho katika kazi zake zote, nilikuwa nimeifunga mimi, kwa mikono yangu, na mpaka parafujo ya mwisho ilipokaza sikuwaza kwamba ikifungika imefungika, na yake nyingine hakuna tena. Mbele huko watu walicheka. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwenye kucha.

Mavyaa alisukuma mbele yangu siniya la mchele. Nikaanza kuchagua mawe.